Simu Iliyofungwa Siku ya Gulio

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani ya juzi ambayo wengi wenu mliiona kwa macho yenu, huko milima ya Upare kulikuwa na mama mjane akiitwa Navoneiwa. Kaeni vizuri mnisikilize. Hadithi hii haina zimwi wala fisi. Ina watu tu, na watu wenyewe ni wema. Ndiyo maana ni nzito.

Navoneiwa alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza ni Eliwaza, aliyesomea uuguzi akaenda kufanya kazi nchi ya mbali, nchi ya baridi, akiuguza wazee wa watu. Wa pili ni Sefania, aliyeoa na kujenga ng'ambo ya bonde, akipata riziki yake kwa pikipiki. Wa mwisho ni Nakijwa, aliyebaki nyumbani na mama. Huyu Nakijwa alikuwa na kompyuta ya mezani, akiwachapia walimu mitihani na kanisa matangazo yake.

Ikawa macho ya Navoneiwa yanaingia ukungu. Alianza kuacha kuona kilima cha mbele, akaja kuacha kuona mgomba ulio uani, mwisho hata chumvi akawa anaitafuta kwa kuonja. Daktari hakumficha. Alimwambia mishipa ya nyuma ya macho inakufa, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitafuata. Dawa ni ya kuchelewesha tu.

Mama hakulia. Alirudi nyumbani akaanza kuizoea nyumba yake kwa mikono: mlango uko hapa, jiko liko pale, kitanda ni hatua chache kutoka ukutani. Akaomba kitu kimoja. Hakuomba mbuzi wala blanketi. Alisema anataka kumwona Eliwaza uso kabla giza halijafunga, kwa maana sauti yake ataisikia siku zote, lakini uso hausikiki.

Eliwaza hangeweza kuja. Kibali chake cha kuishi kule kilikuwa kinashughulikiwa. Angetoka wasingemruhusu kurudi, na kazi yake ndiyo iliyonunua dawa ya macho ya mama. Basi Sefania alimletea mama simu yake, ile ya kupapasa kioo, Eliwaza akatokea ndani. Mama alitazama sana, akasema anaona kitu kinachezacheza kama mdudu kwenye maji. Kioo kilikuwa kidogo mno kwa macho yale.

Nakijwa akaitazama kompyuta yake. Kioo chake kilikuwa kipana kama sinia, chenye mwanga mkali, nacho hakijawahi kuonja intaneti hata siku moja. Mwalimu mmoja alikuwa amemweleza kwamba simu ikichomekwa waya kwenye kompyuta, na ndani yake ukawasha sehemu ya kugawa intaneti, basi simu inakuwa mlango na kompyuta inapita humo. Simu ya Nakijwa mwenyewe ilikuwa kitochi, haiwezi mambo hayo. Simu ya kufanya kazi hiyo ilikuwa moja tu katika ukoo, ya Sefania.

Sasa simu ya Sefania haikuwa ya Sefania peke yake.

Mkewe, Yunesi, alikuwa na mimba kubwa. Miezi ya katikati alitokwa na damu, na muuguzi wa zahanati akamwonya: uchungu ukianza, au ukiona damu tena, usingoje, piga simu gari lije. Namba ya gari ilikuwa kwenye simu ya Sefania. Mapatano yao yalikuwa haya: Yunesi ampigie mumewe, mumewe aite gari, naye afike kwa pikipiki. Tena alikuwa hakosi. Akipigiwa barabarani, alisimama akapokea. Akipigiwa kanisani, alitoka nje akapokea. Akipigiwa mvua inanyesha, aliingiza simu ndani ya koti akapokea. Yunesi hakuwahi kupiga akamkosa.

Siku waliyopanga ilikuwa siku ya mapumziko ya Eliwaza kule aliko, na huku ilikuwa siku ya gulio. Watu wote wa ng'ambo ya bonde walikuwa wameshuka na ndizi na maharage yao. Sefania alimuuliza mkewe kama aende au akae. Yunesi alisema mgongo unamuuma tangu alfajiri, lakini mgongo wa mwanamke mwenye mimba ni wa kuuma. Akasema, "Nenda, baba. Mama akiingia gizani hajamwona wifi, mimi nitakuwa nimemnyima."

Sefania akaenda.

Katika nyumba ya mama, mtandao ulishika dirishani tu, upande unaotazama tambarare. Nakijwa aliiweka simu pale dirishani, akavuta waya hadi mezani, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Alama ndogo ikawaka pembeni ya kioo. Punde Eliwaza akatokea, mkubwa, karibu kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Mama akasogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa.

Simu ikaita. Ilikuwa abiria anataka pikipiki.

Mtandao wa milimani siku zile haukuweza kubeba mawili: simu ikiingia, intaneti inakatika. Eliwaza akaganda mdomo wazi, kisha akapotea. Sefania akamkatalia abiria, Nakijwa akaunganisha upya, Eliwaza akarudi. Simu ikaita tena, abiria mwingine. Wakaunganisha. Ikaita tena, mtu wa kanisani anauliza habari ya viti. Eliwaza akapotea tena, na mama akabaki anatazama kioo kitupu.

"Nimeona nywele," mama akasema. "Uso sijauona."

Ndipo Nakijwa akamwambia kaka yake kwamba ipo namna ya kuzifunga simu zinazoingia. Anayepiga ataambiwa namba haipatikani, na intaneti haitakatika. Wakimaliza, atafungua.

"Na Yunesi?" Sefania akauliza.

"Mpigie kwanza umsikie. Hatutakaa sana."

Akampigia. Yunesi alisema amelala, mgongo ni ule ule wa asubuhi. Alimtuma amsalimie mama mkwe. Sefania akamwambia yuko na mama, wanaongea na dada. Hakumwambia kwamba anaifunga simu. Alipomaliza alisimama kidogo na simu mkononi, akamtazama mama yake aliyekaa mbele ya kioo kitupu kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Akampa Nakijwa simu. Nakijwa akabonyeza. Simu ikafungwa.

Eliwaza akarudi, na safari hii akakaa.

Mama alimwambia ageuke kulia, akageuka. Alimwambia ageuke kushoto, akageuka. Alimwambia ainamishe kichwa aone utosi, akainama. Halafu akaweka kiganja chake juu ya kioo, penye shavu, akakiacha hapo. Akasema, "Umekonda, lakini ni wewe." Eliwaza alilia bila kujifuta, maana aliogopa mkono ungeziba uso.

Katikati ya maongezi Eliwaza aliuliza habari za Yunesi. Sefania akajibu kuwa ni mzima, ila mgongo unamsumbua tangu alfajiri. Eliwaza akafungua mdomo aseme neno. Mama akamwambia, "Sogea nione jicho." Akasogea.

Baada ya muda Nakijwa alisema waifungue simu kidogo, kisha waendelee. Eliwaza akasema, "Mkikata mtandao unaweza usirudi. Ngojeni kidogo." Mama akasema, "Sijashiba." Sefania akaitazama simu pale dirishani. Wakangoja. Nakijwa akasema tena. Mama akasema, "Niacheni kidogo tu." Wakamwacha. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa dirisha hadi mwingine, na walikatwa na bando kwisha, si na mtu yeyote kusema basi.

Nakijwa akafungua simu. Ujumbe ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukisema kitu kile kile: Yunesi alikupigia. Yunesi alikupigia. Yunesi alikupigia.

Sefania alipiga, simu ikaita mpaka ikakata. Aliita gari la zahanati, akapanda pikipiki, akateremka bonde na kulipanda bila kukumbuka njia. Alikuta wanawake wachache waliotangulia kurudi gulioni wamejaa mlangoni kwake, nao walipomwona wakampisha. Mmoja wao alikuwa ameshika kitu kidogo ndani ya kanga. Kilikuwa mtoto wa kike, hai. Yunesi alikuwa sakafuni, karibu na mlango, amefunikwa. Damu ilikuwa imemwisha. Simu yake walikuwa wameitoa mkononi mwake kwa shida, na mwanamke wa kwanza kuingia alisema aliikuta bado inaongea, sauti ya yule dada wa mtambo, inasema namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Walimzika kihambani, katika shamba la migomba la nyumbani. Eliwaza alisikiliza ibada kupitia simu ile ile. Na katika siku za matanga, ukungu ukafunga. Navoneiwa aliamka akauliza kama kumekucha, na jua lilikuwa limeshapanda. Mjukuu wake aliwekwa magotini mwake, akampapasa kichwa, pua, vidole. Uso wake hakuuona kamwe.

Siku ya kuanua tanga alikuja baba yake Yunesi, Mzee Mbonea, pamoja na mkewe, Namsifu. Walikuwa wamepanda kutoka tambarare, mbali. Mzee Mbonea alikaa, akakataa chai, akasema maneno yake bila kupandisha sauti.

"Sikuja kudai ng'ombe, wala sikuja kumpeleka mtu polisi. Mwanangu alimpigia mumewe akaambiwa hapatikani. Nataka jina la aliyemfanya asipatikane. Jina moja. Mwenye jina hilo asimguse mtoto huyu mpaka mimi nife. Wengine wote mleeni, ni damu yenu. Lakini mkikosa kunipa jina, au mkinipa majina mengi kama watu wanaogawana mzigo ili uwe mwepesi, namchukua mjukuu wangu, naye hataijua njia ya kuja huku."

Wazee wa koo mbili walikuwepo, wakaangalia chini.

Akasimama Sefania, akasema: "Jina ni langu, baba. Mimi ndiye niliyekuwa mumewe. Wengine walikuwa na mama wa kumtazama, mimi nilikuwa na mke wa kumsikiliza. Nilimpigia, nikasikia sauti yake, nikajua ninaifunga simu, na sikumwambia. Niliona nikimwambia atapata hofu. Kama angejua imefungwa asingenipigia. Angetoka nje akapiga kelele, angejivuta mpaka barabarani. Alipiga kwa sababu alijua napokea. Imani yake kwangu ndiyo iliyomkalisha mle ndani. Taja jina langu."

Akasimama Nakijwa, akasema: "Jina ni langu. Kaka hakuwa anajua kwamba simu inafungika. Mimi ndiye niliyesema inafungika. Wazo ni langu, na kidole ni changu. Tena mimi ndiye niliyesema hatutakaa sana, kaka akaniamini. Nilipoona tunakaa sana, nilisema mara mbili kwa sauti ya kuomba, wakati simu ilikuwa karibu yangu pale dirishani na ningeweza kufungua bila ruhusa ya mtu. Sikufungua. Niliogopa kuonekana nimemkatisha mama. Taja jina langu."

Simu ilikuwa dirishani, sauti imefunguliwa. Eliwaza akasema kutoka mbali, na maneno yake yalikuwa yanakuja yakichelewa:

"Baba, jina ni langu. Hao wote hawakujua. Mimi ni muuguzi. Nilipoambiwa mgongo umemuuma tangu alfajiri, mwanamke aliyewahi kutokwa na damu, nilijua. Hivyo ndivyo uchungu unavyoanza kwa wanawake wengi. Neno lilifika mdomoni, niliona mkono wa mama kwenye kioo, nikajiambia nitalisema baada ya dakika moja. Halafu nikajiambia labda ni mgongo tu. Halafu nikawaambia wangoje. Nimekaa miaka katika nchi hii nikiamka kwa kengele za wazee nisiowajua, na siku ya ndugu yangu sikuamka. Taja jina langu. Mimi tayari niko mbali na mtoto, adhabu hiyo haitawavunjia nyumba."

Mzee mmoja wa ukoo akatikisa kichwa, akasema ndiyo, hilo lingekuwa jepesi kwa wote. Mzee Mbonea akamjibu kwamba hakuja kutafuta lililo jepesi.

Navoneiwa hakusimama. Aligeuza uso kuelekea pale alipodhani mkwewe ameketi, akakosea kidogo, akawa anauambia ukuta.

"Mkwe wangu, unasikiliza watoto na mama yao yupo. Haja ilikuwa ya nani? Yangu. Nilikuwa nimeiona dunia miaka yote hiyo, nikataka niione zaidi. Waliposema wafungue simu, nilisema sijashiba. Mwanao alikuwa anamwagika damu, na mimi nasema sijashiba. Wao walinitii kwa sababu niliwafundisha kunitii. Jina ni langu. Ila nikuambie na hili, nisije nikakudanganya: uso ule nilioupata siku ile ndio ninaouona mpaka sasa. Sina mwingine. Nimejaribu kujuta kwamba niliuona, na siwezi. Kwa hilo pia, taja jina langu."

Sefania alilia alipolisikia neno hilo. Nakijwa alitazama mlango.

Mzee Mbonea akasema hao ni wanne, na yeye aliomba mmoja. Basi kwa kuwa wameshindwa, atamchukua mtoto. Akamwambia mkewe amfunge mgongoni, waondoke kabla ya mvua.

Namsifu hakuinuka.

"Baba Yunesi," akasema, "mtoto huyu ukimchukua, atalelewa na mikono ya nani?"

"Yako."

"Basi nisikilize. Asubuhi ile Yunesi alinipigia mimi. Aliniambia mgongo unamuuma si kama siku zote, anataka amzuie mumewe asiende kwa mama yake. Nikamwambia mwanamke hamzuii mume kwa ajili ya mgongo. Nikamwambia mama mkwe wako anapoteza macho, usiwe mke wa kumkatiza mtu na mama yake. Yale aliyomwambia mumewe, nenda, nisije nikamnyima mama, ni maneno yangu. Nilimlea hivyo, asisumbue watu. Na aliponipigia tena, nilikuwa gulioni kwetu nauza mbaazi, simu nimeiacha nyumbani kwenye chaji. Nilinyamaza mpaka leo kwa sababu ulikuwa unatafuta jina huku, na mimi nilitaka lipatikane huku."

Mzee Mbonea alimtazama mkewe kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Wazee wakaanza kusema. Wa upande huu wakasema mume ndiye mlinzi. Wa upande ule wakasema ajuaye ndiye mwenye kosa, na muuguzi alijua. Mmoja akasema kidole kilichobonyeza. Mwingine akasema tumbo lililosema halijashiba. Mwingine akasema mzazi aliyemfundisha mwanawe kunyamaza. Akatokea na mmoja akasema pengine hata gari lingeitwa lisingewahi, na kwa neno hilo karibu apigwe.

Lakini sharti la Mzee Mbonea lilikuwa limeshatamkwa mbele ya koo mbili, wala hakulirudisha. Jina moja, na mwenye jina hilo asimguse mtoto. Bila jina, mtoto anakwenda tambarare, kwa Namsifu.

Wakati wanabishana, mtoto aliamka kwenye mkeka akaanza kulia. Alilia kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, kilio cha njaa. Sefania alinyoosha mkono, akaurudisha. Nakijwa alishika kiti chake. Namsifu aliifunga kanga yake na kuifungua. Eliwaza aliuliza kutoka kwenye simu kwa nini hakuna mtu anayembeba. Navoneiwa alikigeukia kilio, mikono yake magotini, viganja vikitazama juu.

Nami nimefika mwisho wa ninachokijua, ndugu zangu. Sasa mzigo ni wenu, na msinipe majina mengi, maana mzee yule hakuyataka. Mtoto analia. Je, ni jina la nani lililostahili kutajwa, na ni mikono ya nani iliyostahili kumwinua?